Hita Ilikataa Kuwaka, Nikailazimisha

Bahati, mdogo wangu wa tumbo moja,

Najua namba yangu umeifunga. Nimepiga kwa simu ya mke wangu, Mama Neema, ukaifunga na yake. Nimepiga kwa simu za wateja pale dukani. Ukisikia sauti yangu, unakata. Sawa, ni haki yako. Lakini katika kundi la WhatsApp la watu wa Uvira tulioko Durban hujatoka. Huongei, ila jina lako naliona kati ya waliosoma. Basi naandika hapa, mbele ya wote, kwa sababu niliyokufanyia niliyafanya mbele yao.

Mama ameniambia kwamba Ijumaa unapanda basi kurudi nyumbani. Anasema unakwenda kuombewa, kutolewa hicho kitu ambacho sisi, tukiwa sebuleni kwangu, tulisema unacho. Leo ni Jumatatu. Nina siku nne za kukuambia jambo moja, nami unanijua: ya wengine nayasema bila breki, ya kwangu yanakwama kooni. Kwa hiyo nalitanguliza kabla halijakwama. Huna kitu, Bahati. Hujawahi kuwa nacho. Kilichokuwa kinakuumiza ni hita ya maji ya pale nyumbani, na aliyeiharibu ni mimi.

Sasa vumilia nikueleze. Najua unamsema kaka yako mkubwa, "Grand ameanza tena ufundi wake." Ndiyo, nimeanza. Safari hii ufundi wenyewe ndio mashtaka.

Unakumbuka siku ulipofika? Ulishuka kwenye taxi umevaa koti la mtu mnene, sijui ulipewa na nani huko njiani, na miguu imevimba mpaka viatu umevikanyaga visigino ukavigeuza ndala. Mama Neema akakuwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo. Ulikula, ukasinzia mkono ungali ndani ya sahani. Neema akacheka, nikamkaripia, halafu nikacheka na mimi. Nilikuwa sijakuona miaka sita. Nilikuacha Uvira una sauti ya kitoto, ukanijia Durban na ndevu kunishinda.

Nyumba yetu ya mtaa wa Point unaijua. Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la kuingia kwa zamu, ghorofa ya sita, na lifti inayofanya kazi ikipenda. Neema na mdogo wake wanalala sebuleni. Ungelala wapi? Kwetu kijana mzima halali mahali ambapo shemeji yake anapita na kanga moja akitoka kuoga. Hilo halikuhitaji mjadala. Mama Neema mwenyewe ndiye aliyesema, "Tufunge balkoni. Shemeji apate mlango wake." Nilimpenda sana mke wangu siku ile.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulikupa nyundo. Tulipandisha mbao kwa ngazi ghorofa zote sita, maana lifti siku hiyo haikupenda, ukawa unanitania kwamba Ulaya ya Durban ina milima kuliko kwetu. Tukapiga mbao kutoka ukingoni mpaka juu. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa bahari unaingia kila tundu, na wewe ulikuwa unakohoa bado kwa ajili ya safari. Nikaziba. Niliziba kwa magazeti, nikaziba kwa silikoni, nikapiga nailoni nzito juu yake. Nilipomaliza nikawasha kiberiti katikati ya chumba, moto ukasimama wima bila kutikisika. Nikakuambia, "Umeona? Hata upepo wa sindano haupiti." Ukanishika bega, ukasema, "Asante, Grand. Tangu nitoke nyumbani, leo njo napata chumba."

Sasa wasomaji wengine hawajui, niwaambie. Katika balkoni hiyohiyo, ukutani, ndipo ilipo hita. Boksi jeupe, mtungi wa gesi chini yake, na juu yake bomba fupi la moshi lisilozidi mkono wangu. Aliyeifunga hakukosea. Aliifunga mahali palipo wazi, bomba likapumulia nje kwa sababu nje palikuwa hapohapo. Ni mimi niliyepafanya pawe ndani.

Wiki ya pili hita ikaanza visa. Ukifungua maji ya moto inalia tik-tik-tik, inawaka vizuri, maji yanapata moto, halafu baada ya dakika tano sita inazima. Ukijaribu tena, tik-tik-tik tupu, haiwaki. Ukiiacha ikapoa, inawaka kama kawaida. Unakumbuka asubuhi ile Mama Neema alipotoka bafuni na povu kichwani, macho amefumba, akaita, "Baba Neema, ule ufundi unaowauzia watu dukani, nyumbani unauacha wapi?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilichukia. Fundi wa simu mzima, jina langu linajulikana mpaka Greyville, kiboksi cha bati kinanitukanisha mbele ya mke na mdogo wangu.

Jumamosi mchana tukaifungua. Wewe ulinishikia tochi ya simu, kama ulivyokuwa ukinishikia kibatari nilipokuwa natengeneza redio ya baba. Nilianza kwa mpango, sikukurupuka, hilo Mungu ni shahidi. Kwanza gesi. Nikautikisa mtungi, mzito. Nikafunga valvu, nikaifungua tena polepole. Nikapaka sabuni kwenye mpira na viungo vyake, hakuna povu lililovimba, kwa hiyo haivuji. Pili betri, zile mbili nene zinazotoa cheche. Tukaweka mpya. Tatu maji, maana hita hii maji yakiwa hafifu haiwaki. Nikafungua kichujio, tukakuta mchanga, ukakiosha kwa mswaki wako wa zamani. Nikaloweka kichwa cha bafu katika siki. Tukarudisha kila kitu. Ikawaka. Ukapiga makofi. Dakika ya sita, ikazima.

Hapo ndipo nilipoona zile waya mbili nyembamba. Zinatoka kwenye kisanduku cha betri, zinapanda mpaka chini ya bomba la moshi, zinaishia kwenye kidude cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati. Nikakipima kwa mita yangu. Hita ikiwa ya baridi, kinapitisha umeme. Ikiwaka na pale juu pakapata joto, kinakata. Nikasema, haya, mwizi nimemkamata. Kifaa kimezeeka, kinakata hovyo.

Unajua sisi mafundi wa simu tunavyofanya. Kifaa kidogo kikifa ndani ya simu na kipya hakipatikani, hatuhangaiki. Tunachukua uzi wa waya, tunaruka juu yake, tunaunganisha huku na huku, simu inawaka, mteja anashukuru. Tunaita jampa. Nimepiga jampa elfu katika maisha yangu, na katika hizo zote mbaya kuliko zote iliunguza simu ya mtu. Nikazichomoa zile waya mbili kwenye kile kifungo, nikazisokota pamoja, nikazifunga tepu nyeusi.

Ukaniuliza. Ningetamani usingeniuliza, lakini uliniuliza. "Grand, ile kitu ilikuwa na kazi gani?"

Nikakujibu, "Kazi yake ni kusumbua watu."

Ukacheka. Hita ikawaka dakika kumi, ishirini, haikuzima tena. Mama Neema akaoga mpaka vidole vikakunjamana, akatoka anaimba. Nikatembea kifua mbele siku mbili nzima, nikawaelekeza hata majirani wa ghorofa ya nne, kwamba ikiwasumbua waniite.

Kuanzia hapo, mdogo wangu, unayajua kuliko mimi, maana mwili ulikuwa wako.

Ulikuwa umepata kazi ya kulinda magari ya watu wanaokuja kula kule ukingoni mwa maji. Unarudi umechelewa, unalala. Alfajiri sisi tunaamka. Mama Neema anaoga aende saluni, watoto wanaogeshwa waende shule, mimi naoga, na dada mmoja tuliyempangishia kitanda sebuleni naye anaoga. Hita inanguruma karibu saa nzima, hatua mbili kutoka kichwani kwako, na mlango wako umefunga ili kelele zetu zisikuamshe. Saa tatu unatoka umeshika ukuta. "Kichwa inaniuma, Grand." Unatapika. Miguu haina nguvu. Halafu unashuka chini, unakaa kwenye ngazi za mlangoni pa jengo, baada ya saa mbili unaongea na kutania watu kama kawaida.

Hicho ndicho tulichokushtaki nacho. Nyumbani unaumwa, nje unapona. Kliniki wakakupima malaria, hakuna. Wakakupa vidonge vya maumivu, wakakuambia unywe maji mengi. Mke wangu akasema unakwepa zamu ya vyombo. Mimi nilisema maneno mabaya zaidi, niliyasema hapahapa katika kundi hili, kwa utani, kwamba mdogo wangu ana ugonjwa unaoogopa barabara lakini unapenda kitanda. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka machozi.

Halafu ukaanguka mara ya kwanza, pale jikoni. Hapo utani ukaisha, hofu ikaingia. Nami badala ya kuuliza hita, nikauliza wafu. Nilimpigia mama nikamuuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekasirika ulipoondoka. Nilikwenda kwa mchungaji nikamwambia mdogo wangu anafuatwa. Ni mimi niliyekwenda. Mchungaji hakutafuta, nilimpelekea.

Ile Jumapili ya maombi ilifanyika nyumbani kwangu, asubuhi kabla ya ibada. Walikuja watu kumi na wanne, nimewahesabu tena kichwani mara nyingi. Sote wa nyumbani tulikuwa tumeoga maji ya hita, tumevaa vizuri. Tukafunga madirisha ili majirani wasilalamike kelele. Nikakutoa kitandani mimi mwenyewe, nimekushika mkono, wewe huoni vizuri. Tukakupigisha magoti katikati ya zulia. Mtu mmoja akakuuliza uliacha nini nyumbani. Mwingine akakuuliza unalala na nani katika ndoto. Ulikuwa unajibu polepole, ulimi mzito, tukatazamana. Ukasimama ili ujieleze, ukaanguka kifudifudi, paji la uso likapiga ukingo wa meza. Mimi, kaka yako, nilisema kwa sauti, "Mnaona?"

Walioko humu waliokuwapo siku ile, mlinisikia. Nilisema hivyo.

Siku tatu baadaye ulifunga begi lako. Nilikuwa mlangoni, sikukuzuia, nilijifanya natafuta ufunguo. Ukaniambia, "Grand, kama niko na kitu, basi niende nayo. Isiguse watoto." Ukaenda Isipingo ukiwa na alama ya meza kwenye paji la uso, kwa ajili ya watoto wangu. Maneno hayo nikayatafsiri kwamba umekiri. Niliwaambia watu kwamba umekiri.

Ni mwezi wa pili sasa tangu uondoke. Wiki iliyopita mwenye jengo alituma fundi wa gesi akague nyumba zote, anataka karatasi ya usalama. Alikuja mzee mmoja Mhindi wa hapahapa Durban, mtaani kila mtu anamwita Uncle. Nikamkaribisha kwa maringo, nikamwambia na mimi ni fundi, hatapata kazi hapa. Akafungua mlango wa balkoni. Hakuigusa hita. Alitazama mbao, akatazama nailoni, akatazama kile kitanda, tumeweka nguo juu yake siku hizi. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, "Nani analala hapa?"

Nikasema hakuna mtu, alikuwapo mdogo wangu, ameondoka.

Akavua kofia. "Ameondoka kwa miguu yake?"

Sikuelewa. Akafungua kifuniko cha hita, akaiona tepu yangu nyeusi. Halafu akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Kile kifungo ni mlinzi. Moshi wa gesi ukitoka nje kwa njia yake, kifungo kinabaki na ubaridi wake. Moshi ukikosa njia ukarudi ndani, unakipasha moto, nacho kinazima hita. Hakikuwa kimezeeka. Kilikuwa kizima kabisa. "Eish, my brother," akasema, "hita yako ilikuwa inakuambia kila asubuhi, fungua ukuta. Na moto unaokosa hewa safi unatoa sumu, haina rangi, haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anayumba kama mlevi. Akitoka nje, anapona. Akirudi, inaanza tena. Akilala nayo siku moja vibaya, haamki."

Akaniuliza nani aliunganisha zile waya.

Bahati, nilidanganya. Nilimwambia tulizikuta hivyo. Mzee yule alinitazama, akatazama ile tepu mpya inayong'aa. Akafunga gesi, akaondoka na mtungi, akabandika karatasi nyekundu kwenye hita. Nilisimama pale balkoni muda mrefu. Kitu cha kwanza nilichokifikiria kilikuwa jina langu la ufundi. Nakuambia ili ujue unasoma barua ya mtu wa namna gani.

Na kuna jambo jingine ambalo Uncle hakuliona, wala Mama Neema hakulijua mpaka jana. Wiki moja kabla ya yale maombi, asubuhi, Neema alikuwa chumbani kwako anaangalia katuni kwenye simu yako, wewe umelala, wengine wanaoga. Akaja kwangu analia kwamba kichwa kinamuuma. Nikarudi naye pale, nikasikia hewa nzito, ukuta unatoka jasho. Nikamsogeza sebuleni, nikamfungulia dirisha. Nikamwambia, "Usicheze tena kule asubuhi, hakuna hewa." Maneno hayo yametoka kinywani mwangu. Hakuna hewa. Wewe ulikuwa umelala pale pale, nikakurudishia mlango.

Mtoto wangu alipoumwa kichwa nilifungua dirisha. Wewe ulipoumwa kichwa niliita watu wakuombee. Nimelizungusha swali hili siku tano, kwa nini sikuunganisha mambo mawili, mimi ninayejisifu kuunganisha. Jibu nalipata na silipendi. Ningekubali kwamba pale hapana hewa, ningelazimika kukubali kwamba chumba nilichokujengea ni kibovu na hita niliyoitengeneza sikuitengeneza. Ikawa rahisi zaidi wewe ndiye uwe mbovu.

Jana nilimwambia mke wangu yote. Alikuwa anakunja nguo. Alikaa juu ya zile nguo, akalia, akasema, "Vyombo. Nilimsema kwa ajili ya vyombo." Halafu akainuka, akachukua ile nyundo ya siku ya kwanza, akaanza kung'oa mbao mwenyewe. Tuling'oa pamoja mpaka mikono ikatoka malengelenge. Sasa upepo unaingia unavyotaka, tunaoga maji ya birika kwenye beseni, na hakuna anayelalamika.

Nikampigia mama. Nilimaliza kueleza. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Yeye umemwambia?" Nikasema hupokei simu. Akasema, "Sikukuuliza kama anapokea." Mama yetu ni yuleyule.

Nikaenda kwa mchungaji. Akasema na yeye ana la kukuomba msamaha, na kwamba Jumapili nisimame mimi mwenyewe niseme mbele ya wale wale. Nitasimama. Lakini Jumapili wewe utakuwa umeshafika Zambia, na karatasi zako za ukimbizi zitakuwa zimekufa mpakani. Ukishavuka, hakuna ofisi itakayokurudishia karatasi hizo. Ndiyo maana sijasubiri Jumapili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii kifo kilikuwa kiwe chako, maradhi yangu.

Sasa usiniamini mimi. Sina haki ya kuaminiwa. Jipime mwenyewe. Ufundi wa kweli ni huu mmoja: badilisha kitu kimoja, halafu tazama. Umebadilisha kitu kimoja tu, umeondoka kwenye balkoni yangu. Miezi miwili hii pale Isipingo, ukiamka asubuhi, kichwa kinauma? Unatapika? Umeanguka hata mara moja? Mama anasema unauza mikanda pale karibu na kituo cha taxi tangu asubuhi mpaka jioni, umesimama. Mtu aliyefuatwa na kitu, kitu kile kimeshindwaje kupanda taxi ya Isipingo?

Mama anasema pia kwamba unafikiri umepona kwa sababu umekaa mbali na watoto, kwamba kile kitu kimetulia kikingoja. Mdogo wangu, hakuna kinachongoja. Ilikuwa ni gesi. Nenda kliniki, lakini safari hii usiwaambie kichwa kiliuma tu. Waambie ulilala miezi mitatu karibu na hita ya gesi iliyokosa njia ya moshi. Sema hivyo hivyo. Uncle amesema damu hujisafisha mtu akivuta hewa nzuri, lakini wakuangalie moyo na kichwa, maana ulivuta mengi. Wakikuuliza nani aliiharibu, wape jina langu. Uncle mwenyewe nimemrudia leo asubuhi, nikamwambia zile waya nilizisokota kwa mikono hii. Akasema alijua, alikuwa anangoja.

Sikuombi urudi kwangu. Chumba hakipo tena, na hata kingekuwapo, usingelala usingizi. Sikuombi uifungue namba yangu. Wala sikuombi msamaha katika kundi la watu tisini, ambapo ukinyamaza utaonekana una moyo mgumu. Msamaha nitakuja kuuomba mlangoni kwako siku utakayotaka, na usipotaka nitaelewa. Ninachokuomba ni kidogo kuliko hivyo. Wewe ndiye uliyekuwa unanishikia taa nikitengeneza vitu, uliniamini mpaka ukaamini na lile nililokusemea. Sasa acha kuliamini. Watu wote humu wamesoma: Bahati hakufuatwa, hakulogwa, hakuwa mvivu. Alikuwa anakufa polepole katika nyumba ya kaka yake, na alipoambiwa ni hatari kwa watoto, aliondoka ili awalinde.

Ijumaa ni yako. Ukipanda lile basi, panda kwa sababu umemkumbuka mama. Usivuke nchi tatu kwenda kutolewa kitu ambacho nilikiweka mimi, tena si ndani yako, ni ndani ya masikio yako.

Kaka yako mkubwa, niliyenyonya kabla yako ziwa lile lile